Nimeitwa kazi ya laini za umeme kwa helikopta, mke wangu kakataa. Wenye uzoefu naombeni ushauri

Mwana Kilosa:
Habari za jioni wakuu. Wakubwa wote shikamooni.

Niko Texas, kazi yangu ni fundi laini. Niliingia kupitia chama cha wafanyakazi kama mwanagenzi, yale masaa 7,000 ya mafunzo nikayapiga mpaka nikapewa cheti cha fundi kamili. Kwa sasa niko kwenye gari la kikapu, laini za mitaani na za msongo wa kati, minara mikubwa mara moja moja. Hela ya kula ipo na ya kutuma nyumbani ipo.

Sasa kuna kampuni inatafuta mafundi wa kufanya kazi na helikopta. Sio urubani. Unakaa kwenye jukwaa lililofungwa ubavuni mwa helikopta ndogo, MD 500, rubani anakusogeza mpaka kwenye waya wa kilovolti 345 wenye umeme wake. Hapo unafunga spesa za kutenganisha nyaya, au yale madude ya mviringo ya rangi ya chungwa ya kuonya marubani. Siku nyingine unaning'inizwa kwa kamba ndefu chini ya helikopta unashushwa juu ya mnara. Kazi zimejaa, na mwaka 2025 jimbo liliidhinisha laini za kilovolti 765 kwenda kwenye visima vya mafuta vya Permian, kwa hiyo hazitaisha kesho. Mshahara unazidi wa sasa kiasi kwamba ile nyumba ya Kihonda iliyoishia kwenye linta ningeiezeka bila kukopa.

Mama watoto aliona video moja kwenye simu yangu akasema "hapana". Tangu siku hiyo chakula natengewa, ila stori hakuna.

Ninachotaka kujua ni kama ile suti ya chuma inakinga kweli, na kama kuna mtu humu kaifanya kazi hii akatoka salama. Matusi sitaki, nina stress tayari.

Pweza Mkavu:
Kilovolti 345? Mimi soketi ya kuchajia simu ikitoa cheche nahamia chumba cha pili. Mkuu, msikilize mama.

Kidatu220:
Marahaba kijana.

Mimi nimezeekea kwenye laini ya msongo wa kilovolti 220, Kidatu kwenda Iringa, milima yote ile naijua kwa miguu. Helikopta sijawahi kufanyia kazi, lakini umeme ni ule ule, kwa hiyo nikusaidie upande huo.

Sisi kabla ya kupanda tunazima, tunapima kuhakikisha laini imekufa, halafu tunaiunganisha na ardhi pande zote mbili. Mtu akirudisha umeme kwa bahati mbaya, unakimbilia ardhini badala ya kupita kwako. Fundi wangu akipanda kabla hajafunga ardhi, siku hiyo anarudi nyumbani. Sasa wewe huko utafundishwa kitu kilicho kinyume kabisa. Ukiwa umeunganishwa na waya ulio hai, ardhi ndiyo inayokuua. Ardhi kwako itakuwa mnara, waya wa radi ule wa juu, na chochote kinachogusa hivyo. Nyaya za fezi nyingine nazo ni kifo kilekile. Kunguru anakaa kwenye waya kwa sababu hana mguu mwingine pengine. Akitanua bawa likagusa chuma cha mnara, unamwokota chini.

Kwa hiyo mdogo wangu, swali la kwanza jiulize kama unaweza kuigeuza akili namna hiyo. Miaka yote mkono wako umefundishwa kutafuta ardhi kwanza. Nimeona mafundi wazuri sana ambao kichwa kinaelewa haraka, mkono unachelewa.

Waya Moto:
Mzee Kidatu kamaliza nusu ya darasa. Ngoja niongeze, maana hiyo jukwaa nimeikalia misimu kadhaa huku huku Marekani, sasa hivi niko chini naongoza kikosi.

Suti inakinga. Ni kitambaa kisichoshika moto kilichofumwa na nyuzi za chuma cha pua: kofia, glavu, soksi, mpaka viatu vina mkanda wa kuviunganisha na suti. Inafanya kazi kwa kanuni ya Faraday, ile ya mwaka 1836. Umeme unabaki kwenye ganda, wewe ndani unakuwa kama haupo. Mimi niliyekuwa naacha uso wazi nilikuwa nasikia mashavu yanawasha kama nimepitiwa na sisimizi, ndiyo sehemu pekee.

Jinsi inavyokwenda: rubani anasogea taratibu, wewe umeshika fimbo ya chuma iliyounganishwa na suti, na suti imeunganishwa na helikopta. Ukiikaribia waya, cheche inaruka kabla hujagusa. Inalia, inaunguruma, ya rangi ya samawati, ukiwa mgeni utaapa unakufa. Unaendelea kusogeza mpaka chuma kiguse chuma, cheche inakatika, unabana klampu, kelele inabaki ule mvumo wa waya tu. Kuanzia hapo wewe, rubani, helikopta na waya mko kwenye volti ileile. Unafanya kazi kwa mikono kabisa. Ukimaliza unatoa klampu, unatumia fimbo tena, mnaondoka.

Angalia kitu kimoja siku ya mafunzo: ile klampu lazima iwe ya kuachia yenyewe ikivutwa. Upepo ukiipiga helikopta ghafla, rubani anaondoka hapo hapo, hakusubiri ufungue. Na mkanda wako wa usalama unafungwa kwenye helikopta, haufungwi kwenye waya hata kama unaona utakaa vizuri zaidi. Ukikuta kampuni ina klampu ya kujitengenezea isiyoachia, panda gari lako urudi.

Umeme utauzoea upesi. Mimi nilichoshindwa kuzoea ni ile injini moja.

Mwana Kilosa:
Shukrani mzee Kidatu, shukrani Waya Moto. Hapo kwenye injini fafanua kaka. Nilisoma kwamba helikopta ikizima injini inaweza kushuka salama?

Waya Moto:
Inaweza, ikiwa na kimo au mwendo. Rubani Mstaafu yuko humu, anaijua vizuri kuliko mimi.

Rubani Mstaafu:
Nimeitwa nimeitika.

Injini ikizima, rubani anashusha pembe ya mapanga papo hapo, helikopta inaanza kushuka, na upepo unaopanda kutoka chini ndio unaoyaendeleza mapanga kuzunguka. Karibu na ardhi anatumia ule mzunguko uliobaki kupunguza kasi na kutua. Kila rubani anafanya mazoezi hayo. Lakini ili ifanye kazi unahitaji uwe juu vya kutosha, au uwe unakwenda mbele kwa kasi ya kutosha. Kila helikopta ina mchoro kwenye kitabu chake unaoonyesha kimo na mwendo ambao ukiwa hapo na injini ikafa, huna nafasi nzuri. Marubani wanauita kwa jina la kaburini, sitalitaja mbele ya shemeji.

Kazi ya jukwaa inafanyika ndani ya eneo hilo hilo. Mmesimama hewani kwenye kimo cha mnara, mwendo sifuri, pembeni nyaya. Sikuambii haifanyiki. Inafanyika kila siku na watu wanastaafu. Nakuambia ujue kwamba pale usalama wako umo kwenye matengenezo ya injini na mafuta safi, na kwenye kichwa cha rubani. Suti haina msaada.

Joto nalo. Mchana wa Julai huko kwenu hewa inakuwa nyepesi, mapanga yanashika kidogo, nguvu ya akiba inapungua. Rubani mzuri atasimamisha kazi saa nane mchana wakati mkandarasi anataka imalizike leo. Kwa hiyo uliza hivi: siku rubani anaposema hapana, nani ana mamlaka ya kumbishia? Jibu sahihi ni kwamba hakuna. Na fundi akisema hapana, je? Jibu ni lile lile. Wakianza kukupa maelezo marefu, umeshajibiwa.

Upande wa kamba: FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, wanairuhusu kazi hiyo chini ya kanuni za sehemu ya 133, na anayeruhusiwa kubebwa nje ni yule ambaye kazi haiwezi kufanyika bila yeye. Usikubali kuwa abiria wa kamba kwa sababu gari liko mbali. Uliza pia kama ndoano ya mzigo ina kifungo cha pili cha akiba kinachozunguka tumbo la helikopta. Mtu hapaswi kuning'inia kwenye ndoano moja inayoachia kwa kubonyeza kitufe.

Halafu ingia tovuti ya NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, ripoti ni bure kwa kila mtu. Tafuta kwa jina la kampuni, tafuta kwa namba za usajili za helikopta zao. Soma zote, hata zile ambazo hakuna aliyeumia. Kampuni yenye ajali moja ambayo baadaye ilibadilisha utaratibu wake naiamini zaidi ya ile inayokuambia kwa mdomo kuwa haijawahi kupata hata mkwaruzo.

Otieno wa Suswa:
Wadau sasa. Mimi niko Kenya, nafanya na mkandarasi hapa Suswa, kwa ile laini ya kilovolti 500 ya kutoka Ethiopia na ile ya 400 ya upepo wa Turkana. Stima naijua. Huko kwa helikopta mtu wa kutoka huku anaweza kuingiaje? Ama ni story za watu wenye makaratasi?

Waya Moto:
Otieno, bila kibali cha kuishi na kufanya kazi ni ngumu, sikudanganyi, na ukija bado wengi watataka upitie mafunzo ya huku upya. Karibu na wewe Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, wana helikopta zao za kukagua laini, fuatilia upande huo. Ila ukaguzi wenyewe sasa droni zinauchukua. Ukiwa kijana, cheti cha droni pamoja na uzoefu wako wa 400 kitakupa kazi hapo hapo Suswa bila kumuaga mama.

Mama Haika:
Kaka Mwana Kilosa, naomba niseme kama mke. Mume wangu ni mzamiaji, anachomelea mabomba ya mafuta chini ya bahari huku Ghuba. Najua kulala simu ikiwa kifuani.

Hapa wanaume wote mmeongea mashine. Hakuna aliyeuliza karatasi. Ile bima ya maisha uliyonayo, umeisoma? Nyingi zina kifungu kinachosema kifo kinachohusiana na kuruka angani hakilipwi, isipokuwa ukiwa abiria wa ndege ya kawaida ya kukata tiketi. Jukwaa la ubavuni sio tiketi. Sisi ya mzamiaji tulikuja kuona kifungu cha namna hiyo kwenye ukurasa wa mwisho, maandishi ya kutafuta kwa miwani.

La pili, uko Texas. Shemeji yangu alikuwa huko. Mwajiri binafsi Texas halazimishwi na sheria kuwa na bima ya fidia kwa wafanyakazi, anaweza kujitoa. Waulize kama wamo au wamejitoa, na wakujibu kwa maandishi.

Na mkeo usimwambie "ni salama". Akishaona video hatakuamini, na utakuwa umemfanya mtoto. Mpe namba.

Pweza Mkavu:
Mama Haika kaua. Mimi nilikuwa nimekuja kucheka, sasa natafuta karatasi za bima yangu na mimi naendesha bajaji.

Kidatu220:
Huyu mama angekuwa kwenye kitengo chetu cha usalama tungelala usingizi.

Mwana Kilosa:
Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya.

Bima nimepiga simu. Kifungu kipo kama alivyosema Mama Haika. Kwa jukwaa au kamba, familia haipati kitu. Kuna ya kuongezea, ni ghali lakini bado kwenye mshahara mpya naimudu. Kampuni wamejibu kwa barua pepe kwamba fidia ya wafanyakazi wamo, na wametuma nakala. Klampu ni za kuachia zenyewe, kifungo cha tumbo kipo. Swali la nani anambishia rubani nilimuuliza msimamizi kwa simu, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Nikimbishia, wa kwanza kuondoka ni mimi." Hilo nimelipenda. NTSB wana tukio moja la zamani, mkia uligonga tawi wakati wa kutua, hakuna aliyeumia.

Mama watoto nilimwekea karatasi mezani. Alisoma zote, akauliza nitakuwa nje siku ngapi kwa mwezi. Nikamwambia wiki tatu kazini, moja nyumbani. Akasema kama ni hivyo jukwaa nikalie, lakini kamba ataijadili mwaka kesho, na bima ya nyongeza ilipwe kabla sijasaini, sio baada. Tumekubaliana hivyo. Stori zimerudi.

Naenda kwenye mafunzo yao ya chini kwanza, ndipo nisaini. Waya Moto, swali la mwisho: kwenye fomu wameandika uzito unaotakiwa, mimi nina kilo 98. Wanazingatia kweli au ni fomu tu?

Waya Moto:
Wanazingatia kuliko cheti chako. Upande wa pili wa helikopta wanaweka uzani wa kulinganisha na wewe, na mafuta yanapimwa kulingana na mlivyo wote. Ukiongeza kilo kimya kimya ukala mafuta ya dakika za kurudi, ni wewe na rubani.

Hizo 98 ni kabla ya suti, mkanda na zana, au baada?