TV ya chogo ya valvu: picha imebanwa chini, na nikiongeza mwanga inavimba

mwana_kibokoni
Salaam ndugu zangu. Nina TV ya babu, ile ya chogo haswa, nyeusi na nyeupe, ya mwisho mwisho wa miaka ya 60, enzi za VoK (Voice of Kenya, ndo KBC ya leo). Nipo Mombasa. Ilikuwa stoo muda mrefu sana. Nimeipangusa, nikatoa waya wa umeme maana ulikuwa umekauka unapasuka ukiukunja, nikaweka mpya, halafu nikaiwasha kupitia balbu ya wati 100 niliyoiunganisha siriz ili kama kuna shoti balbu ndo iwake si nyumba. Imewaka. Sauti ipo, ile filimbi nyembamba naisikia, na picha inakuja kutoka kwa king'amuzi kupitia modyuleta, kile kifaa cha kuigeuza iwe chaneli ya analogi.

Sasa shida. Chini picha imebanwa, msoma habari ana kichwa kirefu na kifua hana, na kule chini kabisa kuna utepe mweupe picha imejikunja juu ya yenyewe, na TV ikizidi kupata moto huo utepe unazidi kupanda. Halafu nikiongeza mwanga hata kidogo picha yote inavimba, inatoka nje ya kioo, inafifia, inapotea. Nikipunguza inarudi lakini pembeni kushoto na kulia kumebaki weusi wa upana wa kidole. Valvu (zile taa za kioo za ndani) nilizosoma ni PL504, PY88, DY802, PCL805 na PCF kadhaa. Fundi wa mtaani ameniambia tube, yaani kioo chenyewe cha picha, imekufa nitupe. Kweli?

chuma_ulete
Wa vyuma chakavu wanapita asubuhi hapo kwenu, kilo si haba 😂

lehemu_na_bati
Mkuu usitupe, tube haijafa. Tube iliyochoka inachelewa kuwaka, picha inakuwa ya kijivu na sehemu nyeupe zinang'aa kama fedha, lakini haivimbishi picha. Kuvimba ni EHT inaanguka, yaani ule umeme mkubwa wa tube. Ukishuka, elektroni zinakwenda taratibu, kwa hiyo koili za shingoni zinazipinda kirahisi zaidi na picha inakuwa kubwa, na kwa kuwa zinagonga kioo bila nguvu inafifia. Ukiongeza mwanga unaomba karenti zaidi, na hapo umeme wako hauna ubavu wa kuitoa.

Kabla ya yote, TV za namna hiyo chasisi imeunganishwa moja kwa moja na upande mmoja wa umeme wa ukutani, ukigeuza waya kwenye plagi bati lote lina volti 240. Kama una transfoma ya kutenganisha itumie, ile balbu haikukingi na hilo. Na tube inahifadhi chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako, hizo nyeusi-nyeupe ni kama kilovolti 15 hadi 18, itoe kupitia rezista kwenda kwenye ile nyuzi iliyobana rangi nyeusi ya nje ya tube, usichokonoe na bisibisi tupu.

Haya ni magonjwa mawili tofauti usiyachanganye. La chini ni la PCL805, valvu inayotandaza picha juu na chini. Pale kuna kapasita inayopeleka mawimbi kwenye gridi (mlango wa kuingilia mawimbi) ya upande wa pentodi, ile nusu ya valvu yenye nguvu, ikianza kuvuja inapitisha volti chanya, valvu inavuta karenti kupita kiasi, chini kunabanwa na kujikunja. Na kwa kuwa kwako inazidi na joto, mimi naishuku hiyo kabla ya valvu. Fungua mguu mmoja tu, ule wa upande wa gridi, washa, pima volti kati ya huo mguu unaoning'inia na chasisi kwa mita ya dijitali. Inatakiwa itulie karibu na sifuri. Ila kumbuka ukiufungua picha itaanguka iwe mstari mmoja mkali katikati, shusha mwanga kabisa usije ukachoma kioo.

mtoto_wa_ngambo
Mie nipo Zenji kaka, sisi tulikuwa na TV ya rangi toka miaka ya 70, bara wakangoja TV hadi 1994 hehe. Ushauri wangu weye badilisha kapasita zote siku moja umalize kazi. Za karatasi na nta zote zimeoza hizo.

lehemu_na_bati
Zenji mnajisifu 😂 lakini hapo sikubaliani. Ukibadilisha zote halafu TV ikaleta tatizo jipya hujui kama ni kapasita, ni waya ulioukosea au ni lehemu baridi isiyoshika. Badilisha moja, washa, angalia, endelea. Za karatasi sawa zitatoka zote mwishowe, za keramiki ziache zilivyo. Na asisahau ile kapasita ya elektrolitiki kwenye kathodi ya PCL805, ikikauka nayo inafupisha picha.

mwana_kibokoni
Nshapima. Ikiwa baridi mguu ulisoma volti 12 hivi, ilivyopata moto ikafika 30 na bado inapanda. Nimeweka mpya ya mikrofaradi 0.1 volti 630, utepe umeondoka wote! Ile kapasita ya kathodi nayo nimeweka mpya, sasa msoma habari ana kifua. Kuvimba bado kupo vilevile. Nianze na DY802 nikipata?

lehemu_na_bati
Safi sana. DY802, ile inayonyoosha EHT kwenda kwenye tube, inaweza kuwa mgonjwa, lakini angalia ule weusi wa pembeni, unakwambia upana nao haupo. DY802 peke yake ikichoka kwa kawaida picha inavimba bila kupungua upana, kwa hiyo mimi ningeanza na PL504, maana ndo inayosukuma upana na EHT vyote viwili, halafu rezista za megaohmu kwenye sakiti ya upana, hizo zikizeeka thamani inapanda, ya 2 unaikuta 4. Pima zikiwa zimefunguliwa upande mmoja. Ukiona bati la ndani la PL504 limekuwa jekundu, zima TV mara moja, oskileta inayoipa mawimbi haifanyi kazi hapo na valvu itakufa.

Ukinunua, PL500 na PL504 zinabadilishana, DY86 na DY87 unaweka DY802 bila shida. Ila asikuuzie mtu ya E badala ya P, za P zimepangwa siriz kwa 300 mA, EL inataka volti 6.3 zake. Ndo maana pia ukichomoa valvu moja ya P zote zinazimika.

mtoto_wa_ngambo
Umepata wapi modyuleta ya VHF, yale masafa ya chini, lakini? Za king'amuzi zote nilizoziona ni UHF na yangu haina UHF.

mwana_kibokoni
Ya hoteli moja iliyokuwa inatoa vifaa vyake vya analogi, hizo unachagua chaneli unayotaka kuanzia VHF. Tangu 2015 analogi ilipozimwa huku nyingi zimekaa tu, ulizia mafundi wa madishi. PL504 nimeagiza, ikija ntaandika hapa.