Tupeane uzoefu: nani ameambiwa "hii si kazi yetu, ni ya Kinshasa"?

Mwana Katuba: Wandugu wa Lubumbashi, yambo. Mvua ilibomoa mfereji wa mtaa wetu, ukuta wa jirani ukaanguka. Nikaenda komini, ofisi ya serikali ya eneo letu la mji, na picha kwenye simu: wakaniambia barabara ile ni ya mji. Mjini wakanituma provensi, yaani mkoani. Kule baba mmoja mwenye tai akanipa kiti na maji ya baridi, akanieleza kwa upole kwamba mifereji ina ofisi yake ya serikali kuu, nayo inangoja pesa. Siku nne, na nauli. Mwisho tukachanga simenti, kila nyumba mfuko mmoja (waliokataa tunawajua). Siasa za vyama tuache, leteni yaliyowapata.

Mwalimu wa Kampemba: Katiba ya 2006, kifungu cha 204, inaweka shule za msingi na sekondari kwa provensi, kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Lakini jina la mwalimu kwenye listi ya mishahara linaingizwa Kinshasa. Mimi ni wa N.U., yaani nafundisha, jina halijaingia. Kila nikiuliza: "Faili yako ilipanda." Faili imepanda ndege, mimi sijawahi! Zamani tulikula primu, pesa ambayo wazazi walitulipa sisi walimu. Shule ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, primu ikaisha na jina bado.

Mama Ruashi: Pole mwalimu. Mtoto wangu amefundishwa na N.U. wawili mwaka huu, wote wameacha wakaenda kuchimba.

Mzee wa Kamalondo: Mwanangu wa Katuba, aliyekupa maji pengine hakukudanganya. Nilifanya hesabu za provensi wakati Katanga ikiwa bado moja, kabla ya kukatwa vipande vinne mwaka 2015. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya provensi, na inakatwa palepale inapokusanywa. Sisi tuliona pesa ikipanda yote, halafu tunakaa kungoja retrosesyo, yaani Kinshasa iturudishie sehemu yetu. Hata neno lenyewe lilinikera: unarudishiwaje kitu ambacho hakikupaswa kuondoka? Ikifika, imeshaliwa na madeni. Kazi zilishushwa kwa karatasi, pesa ikabaki juu. Wanaotaka katiba iguswe, mimi nawauliza kwanza: hiki kifungu kilijaribiwa lini?

Mtoto wa sheferi: Mzee, shikamoo, lakini kwetu pesa ilishuka. Sheria ya madini (code minier) ya 2018 iligawa mrabaha, yaani malipo ya migodi kwa serikali: 50 kwa mia serikali kuu, 25 provensi, 15 komini, sekta au sheferi (serikali za chini; sheferi ni eneo la chifu) yenye mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Hizo 15 tulizishangilia. Tukaona ofisi ya vioo na gari jeupe. Zahanati, mama bado anazalishwa kwa taa ya simu. Nilipouliza hesabu kwenye mkutano, niliambiwa nikae, mimi mtoto.

Mzee wa Kamalondo: Hapo umenishika.

Mwana Katuba: Sasa mzee, mfereji nianzie wapi?

Mzee wa Kamalondo: Barua moja, nakala nne: komini, mji, provensi, na ile ofisi. Usiondoke mahali popote bila muhuri wa kupokea na tarehe. Wakisema tena si kazi yao, waandike.

Mwana Katuba: Jumatatu natoka. Mwenye mashine ya kuchapa karibu na Katuba anijulishe.