Testosteroni (homoni ya kiume) 240, nina miaka 57: nichome sindano yake?

Dereva_Tanga: Wakuu, wakubwa shikamooni. Naendesha lori Tanga–Tunduma. Kitambi kipo, sukari ninayo, hamu ya tendo imekufa. Nimepimwa saa kumi jioni, 240 ng/dL. Duka la dawa wanasema nichome tu. Mama watoto anasema ni uzee.

Maabara_Boy: Shikamoo mzee. Kipimo cha jioni hakitoshi, homoni hii hushuka kadiri siku inavyokwenda. Rudia saa mbili asubuhi kabla ya chai, siku mbili tofauti. Madaktari wengi huanza kuhofia chini ya 300.

BabaNuru: Bado unatafuta mtoto? Ukichoma, ubongo unaacha kuziamuru korodani, mbegu zinapungua, hata kuisha kabisa. Dukani hawakwambii hilo!

Dereva_Tanga: Duh. Bi mdogo anataka mtoto.

BabaNuru: Basi sindano weka kando kaka, mwone daktari wa homoni. Anza na sukari na kitambi, mafuta ya mwilini hugeuza testosteroni kuwa estrojeni. Unakoroma usingizini? Mwambie daktari hilo pia. Na vumbi la Kongo, ile dawa ya nguvu za kiume ya stendi, achana nalo.

Maabara_Boy: Wanaochoma nao wapimwe damu isizidi kuwa nzito, na tezi dume.