Miaka 10 ya ndoa, siku tatu Mji Mkongwe: nisaidieni nisiharibu

Fundi wa Moro (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi huwa nasoma nyuzi za watu na kupita kimya kimya, ila hili limenishinda.

Mwishoni mwa Juni mimi na mama watoto tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Tulipooana hatukwenda fungate. Hela iliyobaki baada ya sherehe ililipa deni la turubai na viti, na wiki ileile nikarudi kazini. Hajawahi kunilaumu kwa mdomo, ila kila tukialikwa harusi na MC akatangaza maharusi wanaelekea wapi, ananigeukia na kutabasamu. Mlio kwenye ndoa tabasamu hilo mnalijua.

Safari hii nimejikamua, nimetenga laki tisa. Tunaishi Morogoro, watoto wawili, mmoja ana miaka 8 na mwingine 4. Nataka nimpeleke Unguja, Mji Mkongwe, tulale usiku mbili. Yeye hajawahi kufika. Mimi nilifika mara moja kikazi, nikalala Amani, kesho yake nikarudi, kwa hiyo tuhesabu sijafika.

Nimeshapanga. Ijumaa tunadaka treni ya SGR alfajiri, boti ya mchana, tukishuka tu Ngome Kongwe, Jumba la Maajabu na makumbusho ya kasri, jioni Forodhani. Jumamosi asubuhi soko la watumwa Mkunazini, halafu kisiwa cha Changuu kuona kobe, mchana mashamba ya viungo, makumbusho ya mwanamuziki Freddie Mercury, hamamu za Hamamni, usiku chakula cha mishumaa. Jumapili kanisa la Minara Miwili, Darajani kununua zawadi, saa kumi boti.

Nataka iwe ya kushtukiza, namwambia Alhamisi usiku. Nishaurini chumba, chakula na vya kuepuka. Ila mtu asiniambie niongeze hela. Haipo.

Mzee wa Kona

Mkuu, hiyo ni fungate au ziara ya mkuu wa wilaya?

Mama Wawili

Kaka, nakuomba kwa heshima zote, usimwambie Alhamisi usiku. Wewe unaona umemshtukiza, yeye anaona umempa kazi. Nywele hajasuka. Gauni analolipenda lipo kwa fundi tangu Pasaka. Huyo wa miaka 4 anabaki na nani, na nani anajua kwamba halali bila taa? Atakesha anapanga nguo za watoto, na Ijumaa utasafiri na mtu mwenye usingizi na hasira, halafu uje hapa useme wanawake hawaridhiki.

Mwambie wiki mbili kabla kwamba mnasafiri wawili, siku tatu, na watoto umeshawapangia. Hayo maneno ya mwisho ndiyo zawadi yenyewe. Pa kwenda fanya siri ukipenda, ila mwambie abebe nguo nyepesi za kufunika mabega na magoti, na viatu vya chini. Na mama mkwe umwombe wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, usimtume mkeo.

Nahodha Mchovu

Nimevuka mkondo ule mara nyingi kuliko nilivyovuka barabara ya Kawawa. Mwisho wa Juni ni msimu wa upepo wa kusi, bahari inakuwa na mawimbi. Boti yenyewe haizidi saa mbili, lakini kwa ambaye hajazoea ni saa mbili ndefu. Kaeni chini, katikati kuelekea nyuma, msipande juu mbele kwa ajili ya picha. Vidonge vya kichefuchefu mmeze kabla ya kupanda, bahari ikishachafuka umechelewa. Na usimpe supu ya kongoro bandarini, nimeona ndoa zikiyumba kwa supu.

Treni na boti usivibane. Kutoka stesheni ya SGR Dar hadi boti si mbali, bajaji inakufikisha, ila acha nafasi ya kutosha. Bebeni vitambulisho. Mkishuka bandari ya Malindi, hapo Unguja, mapapasi watawazunguka kila mmoja akiwaita rafiki. Sema una mwenyeji wako, tembea, usisimame kubishana.

Chumvi Kidogo

Kuhusu vitambulisho naongeza: piga picha cheti cha ndoa. Mwaka juzi mimi na wife tulifika gesti moja ndogo, jina naliacha, mzee wa mapokezi akatutazama juu hadi chini akauliza kama tumeoana. Nina mke miaka sita, nimesimama pale natetemeka kama nimefumaniwa. Tuliokolewa na picha ya kukata keki kwenye simu yake.

Mwana Bagamoyo

Kwa laki tisa mimi ningekwenda Bagamoyo. Hakuna boti, hakuna kichefuchefu, kutoka Dar ni kama kilomita 70. Mji wa kale upo, Boma la Wajerumani lipo, Kaole kuna magofu ya misikiti ya tangu karne ya 13 na makaburi ya mawe. Kumetulia na hela inabaki.

Mzee wa Kona

Mke kasubiri fungate miaka 10, wewe unasema apelekwe makaburini.

Bint Vuga

Kaka Fundi, assalaam aleikum. Mie nimezaliwa Vuga nikakulia Kiponda, niachie niseme kama mwenyeji. Mpango wako kauandika mtu ambaye hajawahi kupotea kwenye vichochoro vyetu. Utatoka mlangoni unakwenda Hurumzi, utatokea Mkunazini, na raha yote iko hapo katikati: mlango wa misumari ya shaba, bibi anauza mkate wa ufuta, wazee wamekaa barazani wanabishana mpira. Usiogope kupotea. Mji mdogo, ukipotea sana utatokea ama baharini ama Darajani.

Kwa hiyo futa nusu. Mashamba ya viungo yako nje ya mji, yanakula nusu siku nzima. Makumbusho ya Freddie ni ndani ya Shangani, mkipita mlangoni na mkeo akitaka, ingieni. Jumba la Maajabu litazameni kwa nje. Lilijengwa 1883 enzi za Sayyid Barghash, na tarehe 25 Disemba 2020 upande wake uliporomoka, watu wawili wakafa. Sie tulioliona likiwa zima kila siku ya maisha yetu, hadi leo tukipita tunanyamaza.

Changuu nenda nako asubuhi, bahari haijachafuka. Boti ndogo zinaondokea ufukweni karibu na Forodhani, kama nusu saa tu. Wale kobe wakubwa asili yao Shelisheli, waliletwa 1919, na wapo waliopita miaka mia. Mkeo atawalisha majani, atacheka. Gereza la pale usimwekee huzuni bure: lilijengwa miaka ya 1890 lakini halikufunga wafungwa, likaja kuwa karantini ya wagonjwa.

Mkunazini sasa. Pale palikuwa soko la watumwa hadi 1873, kanisa la Anglikana limejengwa juu yake, na nje kuna sanamu za watu ndani ya shimo, shingoni wana minyororo. Usimpeleke mkeo pale asubuhi halafu usiku umwashie mishumaa. Wallahi chakula hakitapita.

Chumba. Tafuta nyumba ya zamani iliyogeuzwa hoteli, ndani ya mji khasa, Kiponda, Hurumzi au Shangani. Piga simu, usilipe tu mtandaoni, na uulize bei ya mkazi, maana zile za dola wameandikiwa wageni. Uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi, ngazi za nyumba zetu ni kali na lifti usiitarajie. Halafu uliza kama kina kitanda cha samadari, kile kirefu cha nguzo nne na nakshi. Kama kipo, nyumba nyingine usiulize tena.

Ijumaa mkifika msifanye kitu. Ogeni, mlale, saa kumi na moja na nusu mshuke Forodhani. Jua linazama baharini usoni mwenu na vijana wa makachu wanajirusha kutoka ukutani. Hiyo ni bure. Chakula cha pale kinavutia kwa taa, ila uliza bei kabla hujanyoosha kidole, na msishibe: juisi ya miwa, mshikaki mmoja mmoja, basi. Urojo kaleni mchana kwa mama wa kichochoroni, uliza wenyeji wa mtaa mliolala, kila mtaa una wake na kila mtaa utaapa wa kwao ndiye bora.

Kushikana mikono hakuna wa kukusemeni. Kubusiana njiani hapana, subirini samadari.

Fundi wa Moro (mleta mada)

Dada Bint Vuga, shikamoo ya heshima hata kama nimekuzidi umri. Nimefuta viungo, nimefuta hamamu. Kuhusu Mkunazini nasitasita, mke wangu ni mwalimu wa historia sekondari. Na nilitaka jioni ya Jumamosi nimhadithie habari za Bibi Salme, binti wa Sultani aliyempenda Mjerumani. Nimeisoma vizuri.

Mwalimu wa Zamu

Kama ni mwalimu wa historia, usipompeleka Mkunazini hatakusamehe. Mimi tulikwenda na mume wangu. Tulishuka kwenye vile vyumba vya chini ya ardhi, dari yake fupi kwelikweli, mume wangu ni mrefu akainama tangu anaingia mpaka anatoka. Tulipotoka tulikaa kwenye kivuli saa nzima tukaongea mambo ambayo nyumbani hatujawahi kuyaongea, ya babu zake waliotoka Manyema, kule Kongo. Sikuona kimeharibu safari. Ila Bint Vuga yuko sahihi juu ya mishumaa. Iwe Jumapili asubuhi, siku ya kuondoka. Kanisa likiwa na ibada msubiri nje.

Bint Vuga

Mwalimu, hapo nimekubali. Jumapili.

Kaka Fundi, Bibi Salme umemsoma mpaka mwisho? Alitoroka Unguja 1866 ana mimba, akapandishwa manowari ya Waingereza hadi Aden, akaolewa huko mwaka uliofuata. 1870 mumewe akagongwa na tramu Hamburg akafa, akamwacha na watoto watatu wadogo kwenye baridi. Na mkeo, mwalimu wa historia, atakuwa anaujua mwisho wakati wewe ndiyo unafika katikati. Muachie yeye akuhadithie wewe.

Jumamosi usiku fanyeni hivi. Ulizia chuo cha muziki, DCMA, jioni zipi wana taarabu. Udi na fidla na qanuni wakipiga vijana wenyewe, mmekaa karibu hata jasho la mpigaji mnaliona. Kisha chakula cha juu ya dari, mahali mnapoona mapaa ya mji na bahari. Weka nafasi mapema, meza ni chache. Na uangalie tarehe za tamasha la filamu la ZIFF, miaka mingine linaangukia Juni hiyohiyo, vyumba vikapotea.

Mzee wa Kona

Mimi niliyekuja kucheka nimechukua kalamu. Endelea dada.

Fundi wa Moro (mleta mada)

Mrejesho. Nimemwambia jana, Mama Wawili asante. Alinyamaza kidogo, akauliza watoto wanabaki na nani. Nikasema nimeshaongea na mama yako. Akaingia jikoni, nikasikia anampigia dada yake simu, anacheka. Sikumwambia ni wapi ila aliposikia viatu vya chini na kufunika mabega akasema, "Unguja." Basi.

Chumba nimepata Kiponda kwa bei ya mkazi, ghorofa ya pili, samadari ipo, nimetumiwa picha. Swali la mwisho, dada. Zawadi. Nilikuwa nawaza mkufu ila bajeti imekataa.

Bint Vuga

Mkufu wa nini? Jumamosi alasiri mwache wifi yangu apumzike, wewe toka peke yako hadi Darajani. Mnunulie doti ya kanga, na jina la kanga ulisome kabla hujalipa, maana kuna kanga za mapenzi na kuna kanga za kugombana na jirani, na huko bara naona watu wanazifunga tu.

Kisha uwatafute kina mama wanaouza kikuba. Ni asumini na vilua na mrehani vimefungwa pamoja kwa uzi, mwanamke anakipachika kifuani au kwenye nywele. Chukua na asumini za kumwaga kitandani, na udi kidogo ufukize chumba dakika kumi kabla hamjatoka. Mwambie muuzaji ni wa leo usiku, akupe zilizofumba, zitafunguka zenyewe magharibi. Na usizitie kwenye friji ya hoteli karibu na samaki wa mtu.