Kiingereza cha kuandika kinapanda, cha kuongea bado: naombeni ushauri

Binti wa Nzega:
Shikamooni wakubwa zangu. Niko kidato cha tatu, shule ya kata. Juzi mwalimu wa Kiingereza alituambia kila mmoja aandike ukurasa mmoja: ulianzia wapi na sasa umefika wapi. Nimeandika, lakini kuna jambo sikuliweka, ndilo nalileta kwenu.

Msingi nilisoma kwa Kiswahili. Usanisinuru tulifundishwa nikauelewa vizuri, majani, mwanga wa jua, maji. Kidato cha kwanza nikakaa karibu wiki nzima nanakili "photosynthesis" ubaoni bila kujua kuwa ni kitu kilekile. Mtihani wa kwanza wa Kiingereza nilipata 19. Muhula uliopita nimepata 54. Nimetoka F nimeingia C, na jasho lililonitoka nalijua mwenyewe: daftari la msamiati, maneno matano kila usiku, hata umeme ukikatika.

Tatizo ni mdomo. Mwaka jana nilisimama kujibu swali nikasema "He did not went", darasa zima likacheka. Tangu siku ile hata jibu nikiwa nalo nanyamaza. Je, nimeendelea kweli au najidanganya? Na nifanyeje niweze kuongea?

Mwl. wa Zamani:
Marahaba mwanangu. Kutoka 19 hadi 54 si kujidanganya hata kidogo.

Sasa hiyo "did not went". Kwa Kiswahili unasema "alienda". Ukikanusha, unasema "hakuenda": ile -li- imeondoka, -ku- imeshika kazi ya kuonyesha wakati uliopita. Hakuna anayesema "hakulienda". Kiingereza nacho ni hivyo. "Did" ikishabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi "go". Nimesahihisha madaftari miaka mingi, na kosa hili nimelikuta hata kwa wale waliokuwa wakiwacheka wenzao.

Kaka Mkubwa:
Mdogo wangu, kuongea kuache kwanza. Mtihani wa NECTA kidato cha nne unaandika, huongei. Fanya mitihani ya miaka ya nyuma upandishe hiyo 54.

Mama Wawili:
Kaka, hapo sikubaliani nawe. Mimi nilifanya hivyohivyo. Nikafika chuo, siku ya kuwasilisha kazi mbele ya wenzangu nikaishia kulia.

Mwanangu, tafuta rafiki mmoja tu mnayeheshimiana. Mkitoka shule, mweleze kwa Kiingereza kitu kimoja mlichosoma siku hiyo, dakika kumi, asikukatishe. Makosa myaandike mwishoni. Anza na huo usanisinuru, maana somo lenyewe unalijua tayari, utakuwa unatafuta maneno tu. Halafu badilishaneni. Na kitabu usikisome kimoyomoyo kila mara, soma kwa sauti, ulimi uzoee.

Binti wa Nzega:
Asanteni sana. Hiyo ya "hakuenda" sijawahi kuelezwa hivyo. Rafiki wa kuanza naye ninaye, tunarudi njia moja. Mwalimu, na kwenye kuuliza je? "Did he go?" sababu ni hiyohiyo?

Mwl. wa Zamani:
Hiyohiyo. Tunga sentensi kumi, tano za kukanusha na tano za kuuliza, uzilete hapa kesho jioni nizipitie. Ila kabla ya kuzileta, msomee kwanza huyo rafiki yako njiani.