Nimepata boksi la Nancy Drew za zamani, kimeandikwa 1930 ndani, ndo toleo la kwanza au?

Mpelelezi_Mdogo

Habari za saa hizi wakuu, naombeni msaada wa wenye uzoefu. Mi niko Marekani, wikiendi iliyopita nilipita kwenye nyumba moja watoto walikuwa wanauza vitu vya marehemu mama yao, basi chini ya meza ya vyombo nikaona boksi, kulifunua nakuta vitabu 9 vya Nancy Drew, zile hadithi za msichana mpelelezi, vyote jalada gumu. Nikaulizwa dola 20 boksi zima, sikubishana hata kidogo, nikalipa nikabeba. Hivi vitabu nilivisoma nikiwa shule, vile vya jalada la manjano, tulikuwa tunapokezana darasani mpaka kurasa zinachomoka, kwa hiyo nilipoliona lile jina kwenye mgongo wa kitabu moyo ulinilipuka kabisa.

Sasa swali langu. Kimoja ni The Secret of the Old Clock, jalada la bluu, maandishi rangi ya chungwa na kivuli cha msichana kainama na kioo cha kukuzia mkononi. Ukurasa wa hakimiliki una mwaka 1930 basi, hakuna mwaka mwingine. Lile jaketi la karatasi la juu halipo. Ndani kuna picha moja tu mwanzoni, karatasi yake inateleza na kung'aa, halafu ukurasa mweupe wa kwanza mtu kaandika kwa wino jina la mtoto na "Krismasi 1938". Nimeona mtu mtandaoni anauza kama hiki hiki anasema ni toleo la kwanza kwa sababu ya huo mwaka 1930, na bei aliyoweka inatisha. Ni kweli?

Na kingine, kuna The Mystery of the Tolling Bell ya jalada la manjano, ina sura 25. Zote za manjano nilizosoma zamani zilikuwa na sura 20, sasa hii ni feki au imekuwaje?

Mama_Vitabu

Hongera sana mwanangu, boksi kama hilo watu tunalitafuta miaka. Ila huyo muuzaji usimsikilize. Kwenye Nancy Drew ule mwaka wa hakimiliki unakuambia hadithi ilitoka lini, haukuambii kitabu ulichoshika kimechapwa lini. Grosset & Dunlap, wachapaji wake, waliendelea kuchapa Old Clock miaka na miaka na 1930 ikabaki pale pale haiguswi, kwa hiyo kuna nakala za 1930, za 1935, za 1948, zote ndani zinasema 1930. Hapo ndipo wageni wengi wanapoliwa hela.

Namna ya kujua ni kusoma mwili wa kitabu. Vitatu vya kwanza vilitoka pamoja Aprili 28, 1930, na chapa za mwanzo kabisa zilikuwa za bluu na maandishi ya chungwa tu, kile kivuli cha msichana kilikuja kuwekwa baadaye kidogo. Kwa hiyo chako kwa kivuli tu kimeshatoka kwenye kundi la kwanza, pole. Halafu angalia picha. Mwanzoni kila kitabu kilikuwa na picha nne za karatasi ya kung'aa zilizotawanywa humo ndani, kuanzia mwaka 1937 hivi wakabakisha ile moja ya mbele, na miaka ya vita hiyo moja nayo ikahamia karatasi ya kawaida. Wewe una moja, inang'aa. Hebu hakikisha kwanza kama hakuna zilizochanwa, pitisha kidole taratibu kwenye mshono wa katikati usikie kama kuna kipande cha karatasi kimebaki.

Kisha tafuta orodha ya vitabu vya mfululizo, inakuwa kurasa za mbele au za mwisho kabisa baada ya hadithi. Niambie jina la mwisho kwenye orodha ni lipi, maana wachapaji walikuwa wanaongeza jina kila kitabu kipya kinapotoka.

Mpelelezi_Mdogo

Asante sana mama. Nimepitisha kidole, hakuna kilichochanwa. Orodha nimeipata, jina la mwisho ni The Haunted Bridge.

Mama_Vitabu

Basi umemaliza kazi mwenyewe. The Haunted Bridge ni cha 15, kilitoka 1937. Kinachofuata, The Clue of the Tapping Heels, ni cha 1939, na 1938 hakukutoka kipya. Kwa hiyo kitabu chako kimechapwa baada ya Haunted Bridge na kabla ya Tapping Heels, na huyo mtoto kakuandikia kabisa Krismasi 1938, picha moja inayong'aa nayo inakubali. Ushahidi wa aina tatu unaelekea sehemu moja! Mi napenda sana nakala zenye maandishi ya watoto, kuna wakusanyaji hawazitaki wanasema kitabu kimechafuliwa, mi nazinunua makusudi. Kitabu kilikuwa kinauzwa senti 50 enzi hizo, mtu alizitoa kipindi uchumi wa Marekani uko hoi ili binti afungue zawadi yake asubuhi ya Krismasi. Usije ukaifuta hiyo wino.

Thamani ya fedha sio kubwa kwa sababu jaketi halipo. Kwenye hivi vitabu jaketi ndo kila kitu, watoto walikuwa wanayatupa au yanachanika, na yale ya mwanzo alichora Russell Tandy, mchoraji aliyetokea kwenye michoro ya mavazi, ndo maana Nancy wake kapendeza hivyo, kofia, viatu vya kisigino, hata akiwa gizani anafukuzana na wezi. Ila nakuonya mapema, ukianza kutafuta jaketi kuna watu wanachukua jaketi la chapa moja wanalivalisha kitabu cha chapa nyingine, wakusanyaji wanasema vimeozeshwa. Mi niliwahi kuuziwa hivyo, jaketi lilikuwa linaorodhesha vitabu vya miaka kumi baada ya kitabu chenyewe, sikuangalia, nilikuwa na haraka ya kununua. Kwa hiyo soma orodha ya kwenye jaketi NA ya ndani ya kitabu, zilingane.

Karatasi_ya_Njano

Nijibu la Tolling Bell maana huko ndo kwangu. Sio feki mkuu, umeokota dodo. Ngoja nieleze kidogo maana watu wengi hawajui hii.

Kuanzia 1959 Harriet Adams, binti wa Edward Stratemeyer aliyeuanzisha mfululizo, alianza kuandika upya vile vitabu 34 vya kwanza, toka sura 25 mpaka 20, na Nancy aliyekuwa na miaka 16 akapewa 18. Kazi ikaenda karibu miaka ishirini, kitabu kimoja kimoja. Lakini majalada ya manjano yenye picha yameanza 1962, kwa hiyo kuna vitabu vilivyovishwa manjano kabla zamu yao ya kuandikwa upya haijafika. Tolling Bell ni ya 1946 na imeandikwa upya 1973, maana yake hiyo yako ina jalada jipya nje na hadithi ya zamani ndani. Kuna wakusanyaji wanatafuta hizo tu, na mi ni mmoja wao, kwa sababu ni nakala rahisi za kusoma maneno ya asili bila kuogopa kubomoa kitabu cha miaka 80. Angalia ukurasa wa hakimiliki, ukiona 1946 peke yake umepona, ukiona na 1973 ni ile fupi.

Tofauti sio urefu tu. Mystery of the Moss-Covered Mansion ya 1941 na ile ya 1971 zina jina moja ila hadithi ni mbili tofauti kabisa, mtu akikuambia kasoma, muulize ipi.

Binti_Msomaji

Samahani kuingilia ila hili la "maneno ya asili" naomba tulizungumze vizuri maana mi lilinigusa. Nilikuwa nasikia wakusanyaji wanasifia sana matoleo ya zamani, Nancy jasiri zaidi, hasubiri ruhusa ya mtu, nami nikatafuta Old Clock ya maandishi ya 1930. Na kweli Nancy yule ni moto. Lakini nilipofika pale anapofungiwa kabatini na wezi kwenye ile nyumba ya ziwani, anakuja kumfungulia mlinzi, Jeff Tucker, mtu mweusi, mwandishi kamfanya mlevi, anaongea Kiingereza cha kuvunjwavunjwa ili msomaji acheke. Niliweka kitabu chini. Nimekua nampenda huyu msichana toka darasa la sita, halafu nakuta kwenye dunia yake mtu anayefanana na babu yangu kawekwa pale achekwe.

Kwenye toleo la 1959 Tucker kabadilishwa, ule ulevi na ile lugha havipo. Kwa hiyo wakisema Harriet aliharibu vitabu, mi siwezi kukubali moja kwa moja, alikata uhai mwingi ni kweli, ila kuna uchafu alioutoa, japo alichofanya mara nyingi ni kuwaondoa kabisa watu weusi badala ya kuwapa heshima, na hilo nalo linauma. Sasa hivi nina matoleo yote mawili, nimeyaweka bega kwa bega. Sisemi msikusanye, kusanyeni, ila mtoto wako akitaka kusoma la 1930 kaa naye.

Karatasi_ya_Njano

Umesema kweli dada na nimekuelewa, niliposifia maneno ya asili nilipaswa kulisema na hilo. Anayetaka kusoma ya 1930 bila kuhangaika na za bei mbaya, wachapaji wa Applewood walianza kuyachapa upya 1991, maandishi na picha zile zile, na wameweka maelezo mbele kuhusu hayo mambo ya ubaguzi. Wageni msichanganye tu, yakiwa yamevaa jaketi yanafanana sana na ya zamani, mtu asikuuzie Applewood kwa bei ya 1930.

Mzee_wa_Rafu

Wote mmezama kwa Nancy mnamsahau Judy Bolton jamani, msichana mpelelezi mwingine. Vitabu 38, 1932 mpaka 1967, na vyote kaandika mtu mmoja, Margaret Sutton. "Carolyn Keene" anayeandikwa kwenye majalada ya Nancy hayupo, ni jina la kubuni, vile vya mwanzo karibu vyote kaandika Mildred Wirt Benson, kwa dola 125 kitabu mwanzoni, haki zote akaacha. Judy yeye anakua, anaolewa na Peter, anakosea na kujuta. Kile cha kwanza, The Vanishing Shadow, kina bwawa linapasuka, na Sutton alilitoa kwenye mkasa wa kweli wa bwawa la Austin, Pennsylvania, 1911. Ukikutana na vile vya mwisho mwisho usiviache mezani, vilichapwa vichache na ndo vinavyotusumbua wote kukamilisha seti, mi bado natafuta cha 38.

Na ukimpenda Mildred, tafuta Penny Parker, vitabu 17, hapo kaweka jina lake halisi na msichana ni mwandishi wa habari kama yeye mwenyewe alivyokuwa.

Mpelelezi_Mdogo

Jamani nimejifunza usiku mmoja kuliko nilivyotegemea. Nimeangalia Tolling Bell, ni 1946 peke yake! Na nimerudi kwenye boksi kusoma orodha za vyote 9, vitano vinaishia Haunted Bridge, vina jina lile lile la mtoto na mwandiko ule ule, yaani inaonekana alipewa vyote kwa pamoja. Vya baadaye hana jina ndani ila nadhani bado ni vyake, alikuwa ameshakua tu.

Swali la mwisho, Old Clock bawaba ya jalada la mbele imeanza kuachia, naona uzi. Nibandike selotepu kwanza?

Mama_Vitabu

HAPANA mwanangu, selotepu usiisogeze kabisa, gundi yake inageuka njano inakula karatasi na haitoki tena. Kilaze bapa, kifunge kwa utepe laini wa kitambaa usikaze, kikae mbali na dirisha maana jua linakula rangi. Halafu piga picha mshono uweke hapa, kama uzi bado umeshika kila fungu la kurasa naweza kukuelekeza gundi ya wanga inavyopikwa, kazi ya nusu saa.