Nani kaagiza balbu tena?

*Mama:* Mzigo umefika. Balbu. Hili ni boksi la tatu wiki hii. Nani kaagiza?

*Zawadi:* Mimi, Jumatatu 🙋🏾‍♀️

*Baba:* Na mimi. Nilisoma humu kwamba zimeungua, nikaagiza kimyakimya.

*Kaka Idi:* 😂😂 Na mimi pia

*Mama:* Mnacheka? Nyumba ina taa sita. Balbu thelathini nizitundike wapi, masikioni?

*Shangazi:* Ndiyo maana jana niliwatumia linki ya kikapu changu muone nilichoweka. Mkakaa kimya.

*Zawadi:* Shikamoo shangazi. Tuliifungua, kikapu kilikuwa kitupu.

*Shangazi:* Marahaba. Kitupu vipi? Mimi hapa nakiona kimejaa.

*Kaka Idi:* Shangazi, linki ile inasema tu "fungua kikapu", haisemi cha nani. Duka linakutambua kwa kidakuzi (cookie), kifaili kidogo kilichohifadhiwa kwenye kivinjari chako, kama Chrome. Kwa hiyo kila aliyebonyeza alifunguliwa kikapu chake mwenyewe. Tena vidakuzi vyenyewe alivibuni Lou Montulli pale Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, mwaka 1994, na kazi moja ya mwanzo kabisa ilikuwa hiyohiyo, duka likumbuke mteja kaweka nini kikapuni.

*Baba:* Idi, umeulizwa historia?

*Kaka Idi:* Samahani mzee 😅

*Shangazi:* Basi nawapa nenosiri langu mwingie wenyewe.

*Shangazi:* _Ujumbe huu umefutwa_

*Baba:* Dada! Humo mna kadi yako na anwani yako. Mtoto akibonyeza kimakosa unalipa wewe.

*Shangazi:* Kwani nimeandika nini? Sijaandika kitu.

*Kaka Idi:* Libadilishe tu shangazi. Leo hii.

*Zawadi:* Kuna viendelezi, yaani programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari, vya kutengeneza orodha ya pamoja. Unakiweka, kitufe kinakaa juu karibu na anwani ya tovuti. Ukiwa kwenye ukurasa wa bidhaa unabonyeza, kinachukua jina, picha na bei, kinatupia kwenye orodha yetu sote. Maduka tofauti, orodha moja. Nimeshapata kimoja.

*Baba:* Kinaomba ruhusa gani?

*Zawadi:* "Kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote"

*Baba:* Zote? Hata ya benki?

*Kaka Idi:* Hata ya benki. Na mwenye nacho leo anaweza kuwa mtu mwema, kesho akakiuza. Sasisho la mwenye mpya linaingia lenyewe, maana ruhusa ulishaitoa siku ya kwanza. Kwenye Chrome unaweza kukibana kisome ukurasa pale tu unapokibofya, ipo kwenye mipangilio ya kiendelezi. Lakini nani kati yetu atakumbuka kufanya hivyo?

*Mama:* Na sisi wa simu? Mimi kompyuta sigusi.

*Zawadi:* Hapo ndipo pagumu. Chrome ya simu za Android haina viendelezi. Firefox inavyo.

*Mama:* Sihamii popote. Hii nimeshaizoea.

*Kaka Idi:* Maduka mengine yana orodha zao. Amazon unatengeneza orodha, unatuma linki, unachagua watu waone tu au wahariri pia. Ila itakusaidia kwa vitu vya duka hilo tu.

*Zawadi:* Basi Google Keep. Noti yenye visanduku vya tiki. Kwenye kompyuta inafunguka kwenye kivinjari, kwenye simu ni programu. Nawaongeza kwa barua pepe, kila mmoja anahariri.

*Baba:* Na benki yangu inabaki salama?

*Zawadi:* Inabaki 😄 Ila linki mtabandika kwa mkono.

*Kaka Idi:* Na mkibandika, andikeni saizi na rangi kwa maneno. Linki nyingi zinafungua bidhaa tu, rangi uliyochagua haimo. Ule mkia mrefu baada ya alama ya kuuliza mara nyingi ni wa kufuatilia nani katoka wapi, unaweza kuukata. Jaribuni kwanza kama ukurasa bado unafunguka, maana kuna maduka yanaweka namba ya bidhaa hukohuko mkiani.

*Mama:* Mimi nataka kitu kimoja. Anayeagiza aandike jina lake mbele ya kitu KABLA ya kulipa. Tiki ni mzigo ukishafika mlangoni.

*Baba:* Sawa kabisa. Kuona hitaji siyo kuagiza.

*Mama:* Wewe ndiye uliyeagiza kimyakimya.

*Baba:* 🤐

*Zawadi:* Nimewaalika wote. Angalieni barua pepe.

*Shangazi:* Nimeingia. Naona "ndala za Bibi, bluu". Nimeweka tiki.

*Mama:* Wifi, umeshanunua?

*Shangazi:* Hapana, nimekubali tu. Rangi nzuri.

*Kaka Idi:* 🤦🏾‍♂️

*Bibi:* 🎤 Ujumbe wa sauti (0:41)

*Zawadi:* Bibi anasema ameiona tiki. Anauliza ndala zake ziko wapi.